Kalamu ya Wino na Daftari la Nyumbani

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Maneno haya yatosha kumkumbusha mtu kwamba kuandika si kazi ya ofisini peke yake, bali ni ulinzi wa nyumba. Lakini daftari halijiandiki. Lahitaji mkono, na mkono wahitaji kalamu. Basi si ajabu kwamba watu waliosoma katika miaka ya 1940, 1950 na 1960, wanapokutana arusini au matangani na kuanza kuzungumza habari za shule, hawakawii kufika kwenye kalamu ya wino. Mmoja atataja kidau kilichopinduka. Mwingine atataja nibu iliyovunjika asubuhi ya mtihani. Wa tatu atanyosha kidole cha kati na kuonyesha mahali palipokuwa na sugu. Wote watacheka, kisha watanyamaza kidogo, kama watu waliomtaja rafiki aliyekwisha kufa.

Kicheko hicho kina sababu, na kimya hicho pia kina sababu yake. Yafaa zote mbili zichunguzwe, kwa maana ndani yake mna mafundisho kwa mkulima na karani wa leo.

Kutoka mchangani hadi karatasini

Mtoto wa siku zile hakupewa kalamu ya wino siku ya kwanza ya shule. Kalamu ilikuwa juu ya ngazi, na ngazi ilikuwa na vipandio vyake. Katika shule nyingi za vijijini mtoto alianza kuandika mchangani kwa kidole, chini ya mti au barazani mwa kanisa. Akiisha kuzijua herufi, alipewa kibao cha jiwe jeusi na kijiti chake cha kuandikia, kilichokwaruza kwa sauti ya kutia meno ganzi. Kibao kilikuwa rafiki mwenye kusahau: kilichoandikwa saa mbili kilifutwa saa tatu kwa mate na kiganja, na kosa likaondoka pamoja nacho. Baada ya kibao ilikuja penseli, nayo pia husamehe, kwani upo mpira wa kufutia. Ndipo mtoto alipofika madarasa ya juu akaonyeshwa kalamu ya kuchovya.

Kalamu hiyo ilikuwa kijiti cha mti chenye nibu ya chuma nchani. Nibu nyingi za namna hiyo zilitoka mji wa Birmingham, Uingereza, ambako katika karne ya 19 mafundi kama Joseph Gillott na Josiah Mason walizitengeneza kwa mashine kwa mamilioni, hata zikawa rahisi kununuliwa na shule. Wino nao haukuja tayari kila mara. Mara nyingi ulikuja ukiwa unga, na mwanafunzi wa zamu aliukoroga kwa maji kabla ya kengele ya asubuhi, kisha akapita katikati ya madawati akimimina katika vidau vilivyokaa ndani ya tundu zake. Maji yakizidi, wino ulipauka, na insha nzima ikaonekana kama imeandikwa na mgonjwa. Unga ukizidi, wino uliganda katika nibu. Hivyo hata mkorogaji wa wino alijifunza kipimo kabla hajatambua kwamba anajifunza.

Kuandika kulikuwa na sheria zake. Nibu ilichovywa hadi nusu, ikaguswa taratibu ukingoni mwa kidau ili tone la ziada lirudi, kisha ikashushwa juu ya karatasi. Mkono ulipoteremka ulikandamiza kidogo, na mstari ukanenepa. Ulipopanda ulilegea, na mstari ukakonda. Herufi ziliunganishwa moja na nyingine hata mwisho wa neno. Aliyekandamiza mno alizitenganisha ncha mbili za nibu, na wino ukatapakaa. Aliyeharakisha alipitisha kiganja juu ya mstari usiokauka. Mwenye kutumia mkono wa kushoto alikuwa na taabu zaidi, kwa kuwa mkono wake ulifuata nyuma ya maneno na kuyapaka, na walimu wengi wa zamani walimlazimisha kuhamia mkono wa kulia. Uzi mdogo ukinaswa na nibu, kila herufi iliota ndevu. Kwa ajili ya mikosi hii mwanafunzi alitunza karatasi yake ya kukaushia wino ndani ya daftari, akaitumia hata isiwe na mahali pakavu.

Lakini karatasi hiyo ilikausha tu, haikufuta. Tone lililoanguka lilikuwa limeanguka, na mwalimu aliliona tangu mlangoni. Maji yakimwagika hayazoleki, na wino ni vivyo hivyo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kalamu ililetwa nchi hii na misheni. Neno lenyewe, kalamu, ni la Kiarabu, na watu wa Pwani waliandika kwa kalamu za matete zilizochongwa kwa kisu karne nyingi kabla ya nibu za Birmingham. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate, na tarehe yake ni mwaka 1728. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alisifika kwa mwandiko wake mzuri wa herufi za Kiarabu, na miswada aliyoinakili imehifadhiwa hata Ulaya. Waandishi hao nao walijua sheria ile ile: kwanza fikira, kisha wino.

Kalamu yenye wino tumboni

Mwanafunzi aliyeendelea hadi shule ya kati, au aliyebahatika kuingia shule ya sekondari, alitamani kalamu ya mfukoni, yaani ile inayochukua wino wake mwenyewe tumboni. Insha zilikuwa ndefu, na kuchovya kila baada ya maneno machache kulimkatiza mtu mawazo.

Wengi walijaribu kutengeneza kalamu ya namna hii, lakini zilivuja au zilikauka. Lewis Edson Waterman wa New York alipata hataza ya kalamu yake mwaka 1884, baada ya kupata njia ya kuuongoza wino utoke kidogo kidogo huku hewa ikiingia mahali pake. Miaka minne baadaye George Parker, mwalimu wa simu za maandishi katika mji wa Janesville, Marekani, alianzisha kampuni yake. Alikuwa akiwauzia wanafunzi wake kalamu, nao wakamrudishia kila mara azitengeneze, hata akaona heri aunde iliyo bora. Huko Uingereza kampuni ya Conway Stewart ilianza mwaka 1905, na kalamu za Platignum ziliuzwa kwa bei nafuu kwa wanafunzi. Majina haya yalijulikana sana na watu wa shule na wa ofisi, kama mkulima ajuavyo majina ya majembe.

Namna ya kuijaza ilimpendeza kila mtoto. Katika kalamu nyingi mlikuwa na kifuko cha mpira. Mwenye kalamu alizamisha nibu ndani ya chupa ya wino, akainua wenzo mdogo uliokuwa ubavuni, na kifuko kikabanwa kikatoa hewa. Alipouachia, kifuko kilifunguka na kuvuta wino. Kutoka hapo wino hupita katika mfereji mwembamba sana hata kwenye ufa wa nibu, na karatasi huupokea kama utambi upokeavyo mafuta ya taa. Kila wino kidogo unapotoka, hewa kidogo huingia. Ndiyo sababu kalamu iliyokaribia kwisha wino hutapika mfukoni: tumbo lake limejaa hewa, joto la kifua huitanua hewa hiyo, nayo huusukuma wino nje. Makarani wengi walioharibu mashati meupe waliilaumu kalamu, kumbe kosa lilikuwa kutoijaza mapema au kuilaza ubavu.

Kalamu nzuri ilikuwa na nibu ya dhahabu, kwa kuwa dhahabu hailiwi na wino, na nchani paliunganishwa punje ya madini magumu ili isilike upesi. Hata hivyo punje hiyo ilisuguka kidogo kidogo kwa namna mwenyewe alivyoishika. Kwa hiyo watu hawakupenda kuazimana kalamu. Mtu aliweza kumwazima mwenzake baiskeli kwa siku nzima, lakini kalamu aliitoa kwa dakika moja huku akiitazama.

Tena kalamu ilikuwa heshima. Kishikizo chake kikionekana juu ya mfuko wa shati, watu walijua kwamba huyu ni mwalimu, karani, msaidizi wa hospitali au mkalimani. Kijijini alifuatwa jioni na watu wenye barua za kusomewa na maombi ya kuandikiwa.

Nusu ya ng'ombe

Achukuliwe mfano wa karani mmoja mstaafu wa sehemu za magharibi ya Kenya, ambaye sasa amepita miaka themanini. Katikati ya miaka ya 1950, alipokuwa mvulana wa shule ya kati, baba yake aliuza mbuzi wawili: wa kwanza kwa karo, na wa pili kwa vitabu, kalamu na chupa ya wino. Baba mwenyewe hakujua kusoma.

Likizo ilipofika, baba alimwita mwanawe barazani. Alikuwapo pia rafiki wa baba kutoka kijiji cha pili. Baba alitaka kumwekesha rafiki huyo ng'ombe, kama ilivyokuwa desturi, ili mifugo yake yote isikae zizi moja ikaja kumalizwa na maradhi. Rafiki angekunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na uzao wake wangebaki mali ya mwenyewe. Zamani mapatano hayo yalishuhudiwa na wazee kwa maneno tu. Safari hii baba alisema, "Kalamu niliyoinunua kwa mbuzi na ifanye kazi ya ng'ombe."

Mvulana akaketi, akaandika kwa mwandiko wake wa shule tarehe, majina ya wote wawili, na kwamba ng'ombe mmoja mwekundu amewekeshwa. Akakausha wino, akausoma waraka kwa sauti, akangoja kusifiwa.

Baba akauliza, "Umeandika kwamba ana mimba?"

"La, Baba, sikuandika."

"Basi umeandika nusu ya ng'ombe. Andika tena."

Mvulana akaitazama karatasi. Kibao kingefutika na penseli ingefutika, lakini wino haukufutika. Kupachika maneno juu ya mstari aliona haifai, kwani mwalimu wake aliwafundisha kwamba maneno yaliyopachikwa humpa mtu mwingine nafasi ya kusema kuwa yaliongezwa baadaye. Akachukua karatasi nyingine, na safari hii akauliza kwanza. Rangi gani hasa? Pembe za namna gani? Amezaa mara ngapi? Mimba ni ya miezi mingapi? Uzao utakuwa wa nani, na mlishaji atapewa nini? Mashahidi ni akina nani? Alipokwisha kuuliza yote ndipo akashika kalamu. Na kwa kuwa wale wazee wawili hawakujua kutia sahihi, kila mmoja alipakwa wino kutoka chupa ile ile katika kidole gumba, akakibandika chini ya maandishi. Mvulana akatia jina lake kando, kama mwandishi.

Miaka ikapita, na rafiki yule akafariki. Watoto wake, pasipo ubaya wa moyo, waliamini kwamba ng'ombe wote waliozaliwa zizini mwao ni urithi wao. Maana walichosikia tu ni kwamba aliyewekeshwa alikuwa mmoja, mwekundu, naye alikwisha kufa zamani. Maneno yakawa makali, na watu wa nyumba mbili waliozoea kusaidiana kulima wakaacha kusalimiana njiani. Shauri likafika mbele ya wazee, na waraka ukatolewa sandukuni. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya majani makavu, lakini maandishi yalikuwa meusi, na neno la mimba lilikuwa mahali pake. Ndama yule wa tumboni ndiye aliyekuwa bibi wa karibu ng'ombe wote wale. Chini yake kidole cha marehemu kilionekana waziwazi, mistari yake yote. Watoto wake wakakitambua kuwa ushuhuda wa baba yao. Walishaji wakapewa sehemu yao kama ilivyoandikwa, na salamu zikarudi.

Mzee huyo bado anayo kalamu ile. Kifuko chake cha mpira kimekauka na kupasuka, wala haiandiki. Akiulizwa kwa nini haitupi, hujibu kwamba ilimfundisha kuuliza.

Hapa pana mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni la wino. Wino wa buluu-nyeusi wa namna ya zamani ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na utomvu mkali utokao katika vinundu vya miti. Unapoandikwa huonekana wa buluu kwa sababu ya rangi iliyotiwa. Kisha hewa huugeuza kuwa mweusi, nao hushikamana na karatasi. Kwa sababu hiyo wasajili wa Uingereza waliutumia kwa miaka mingi katika madaftari ya vizazi, ndoa na vifo. La pili ni kubwa zaidi. Hekima ya waraka ule haikutoka nibuni. Aliyejua neno lililokosekana ni yule asiyejua kusoma. Kalamu ilimlazimisha mwanawe asimame afikiri, lakini jambo la kufikiriwa lilitoka kwa mzee.

Lango jembamba

Ndiyo maana kicheko cha watu wa zamani hufuatwa na kimya. Wakikumbuka kalamu, huwakumbuka pia wale ambao hawakuishika. Mzee mwenye mbuzi wawili aliweza kumsomesha mtoto mmoja. Wengine walibaki malishoni. Mara nyingi aliyechaguliwa alikuwa mvulana, na dada yake mwenye akili kumpita alibaki jikoni na shambani. Nibu ikivunjika na nyumbani hapana senti, mtoto alikaa darasani akiwatazama wenzake wakiandika. Kalamu iliyofundisha subira ilikuwa pia lango jembamba.

Na lango hilo halikuwa la shule tu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kuchukua kipande, na ndani yake mlikuwa na alama za vidole vyao. Katika uchaguzi wa Machi 1957, uliokuwa wa kwanza kwa Waafrika wa Kenya kuwapigia kura wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, elimu ilikuwa miongoni mwa sifa za kumpa mtu haki ya kura, na mwenye sifa nyingi aliweza kupata hadi kura tatu. Hivyo mtu aliyebahatika kushika kalamu utotoni alisikilizwa zaidi, na baba yake aliyeuza mbuzi ili aishike pengine hakusikilizwa kabisa.

Aliyelipanua lango, ijapokuwa hakukusudia, alikuwa mwandishi wa habari wa Hungaria, László Bíró. Aliona kwamba wino wa magazeti hukauka upesi, lakini ni mzito mno kupita katika nibu. Pamoja na ndugu yake, aliyekuwa mjuzi wa kemia, alitengeneza kalamu yenye gololi ndogo nchani inayoviringika na kupaka wino mzito, akapata hataza Uingereza mwaka 1938. Baadaye alihamia Argentina kwa ajili ya vita, akaiendeleza kazi yake huko. Jeshi la Anga la Uingereza liliipenda kwa kuwa haikuvuja ndege ilipopanda juu. Kalamu ya gololi ilipouzwa New York mara ya kwanza, Oktoba 1945, bei yake ilikuwa dola 12.50, yaani haikuwa ya maskini. Lakini Desemba 1950 Marcel Bich wa Ufaransa akatoa kalamu yake ya plastiki inayoonyesha wino ndani, kwa bei ndogo sana. Kufikia mwaka 2006 kampuni yake ilikuwa imeuza kalamu za gololi zaidi ya bilioni 100.

Walimu wengi waliichukia. Walisema kwamba biro huharibu mwandiko, kwa sababu haijui mstari mnene na mwembamba, na kwamba humfanya mtoto kuwa mvivu. Hata Ufaransa, nyumbani kwa Bich mwenyewe, biro iliruhusiwa shuleni mwaka 1965 tu. Walimu hao hawakukosea katika habari za mwandiko. Lakini biro haikuhitaji kidau, wala unga wa wino, wala karatasi ya kukaushia, wala mbuzi. Iliweza kununuliwa katika duka la kijiji pamoja na chumvi na kiberiti. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo nchini Kenya, Januari 2003, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka kiasi cha milioni 5.9 hadi kiasi cha milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Watoto hao wote wasingaliweza kuandika kwa nibu za dhahabu. Mwaka uliofuata Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akavaa sare na kuketi pamoja na watoto. Mzee huyo aliyefariki mwaka 2009 alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Alikuwa mtoto wa nyakati za kalamu ya wino, na lango lake lilifunguka katika nyakati za biro.

Kwa hiyo asiyeipenda biro na aseme kwa adabu. Imefanya kazi ambayo kalamu nzuri zaidi haikuiweza.

Cha kuhifadhi

Leo hata biro yenyewe imeanza kuwa mgeni katika mikono ya vijana. Barua zimekuwa ujumbe wa simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, fedha huhama kutoka Mombasa hadi Kisumu bila mtu kushika kalamu, na simu huweka kumbukumbu yenyewe. Hili ni jambo jema, wala si busara kulilaumu. Lakini simu hupotea, huibiwa, huanguka majini. Na ujumbe wa haraka una kasoro ile ile ya waraka wa kwanza wa mvulana yule, kwamba mara nyingi huandika nusu ya ng'ombe. Mtu huandika, "Nimetuma ile pesa," wala hasemi ni ya nini, ni ya deni au ya zawadi. Baada ya miaka mitatu ndugu wanagombana.

Basi kama kalamu ya wino haitarudi, tabia yake yaweza kurudi, tena bila gharama. Mkulima na afungue daftari moja la nyumbani, aandike humo tarehe ya kupanda, mbolea aliyotia, magunia aliyovuna, ng'ombe aliyepandishwa na siku yake, deni alilotoa na deni alilochukua. Mapatano ya shamba, mifugo au mahari yasiandikwe kabla ya maswali yote kuulizwa: nini, kiasi gani, lini, kwa masharti gani, mbele ya nani. Wazee wasiojua kusoma waulizwe pia, maana huenda ndio wenye neno linalokosekana. Kosa likitokea katika waraka wa maana, ni heri kuandika upya kuliko kufuta na kupachika.

Wino nao uchaguliwe. Wino wa kalamu ulioandikwa kwenye chupa kwamba waweza kufuliwa unafaa daftari la mtoto, lakini haufai hati, kwa kuwa maji huuondoa. Kwa hati hufaa wino wa kudumu. Biro nyingi hazitoki kwa maji, lakini maandishi yake yaweza kupauka yakiachwa juani. Penseli isitumiwe kabisa katika mapatano. Karatasi zenyewe ziwekwe mahali pakavu, mbali na jua, moshi na mchwa, nayo nakala yake au picha yake iwekwe nyumba nyingine, kama baba yule alivyotenganisha mifugo yake.

Na kama bado imo kalamu ya wino katika sanduku la babu au la shangazi, isitupwe. Ioshwe kwa maji baridi hadi maji yatoke safi. Maji ya moto yasitumiwe, kwani huweza kuiharibu. Kifuko kikiwa kimepasuka, fundi aweza kutia kingine. Ikijazwa, ihifadhiwe nibu ikiwa juu. Kisha mwenye kalamu aombwe aeleze ni nani aliyemnunulia, na kwa kuuza nini. Majibu yake yaandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na majina ya wale ambao hawakupata kalamu ili yeye apate. Habari hiyo ni sehemu ya mali ya nyumba, nayo wenye kuijua wanapungua kila mwaka.

Kalamu iwe ya matete, ya dhahabu, ya plastiki au ya simu, mtu na aulize kwanza, kisha aandike. Maana mali bila daftari huisha bila habari, na daftari bila fikira ni karatasi iliyopakwa wino tu.